Devuan, vifurushi na systemd isiyokuwepo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayeijua apt kiasi cha kuweka na kuondoa programu, ambaye amehamia Devuan au anakaribia kuhamia, na sasa ameanza kukutana na ujumbe wa apt asioupenda. Mengi ya humu yanamfaa pia anayetumia Debian yenyewe kwa sysvinit, programu ya zamani ya kuwasha mfumo. Kama systemd, programu inayowasha na kusimamia mfumo kwenye Linux nyingi za leo, ni nzuri au mbaya hatutabishana hapa. Ubishi huo una zaidi ya miaka kumi na haujawahi kumtengenezea mtu kompyuta.

## Devuan imetoka wapi?

Ni Debian iliyoondolewa systemd. Februari 2014 kamati ya kiufundi ya Debian ilipiga kura kuchagua programu ya kuwasha mfumo katika Debian 8. Kura zilifungana kati ya systemd na Upstart, na kura ya mwenyekiti, Bdale Garbee, ndiyo iliyoipa systemd ushindi. Novemba mwaka huohuo kundi lililojiita Veteran Unix Admins likatangaza kujitenga. Debian 8 ilitoka Aprili 2015 ikiwa na systemd, Devuan 1.0 ikatoka Mei 2017.

Matoleo ya Devuan hupewa majina ya sayari ndogo, nayo hwenda sambamba na ya Debian: ASCII ni stretch, Beowulf ni buster, Chimaera ni bullseye, Daedalus ni bookworm, Excalibur ni trixie. Ceres ndiyo sid, tawi la Debian linalobadilika kila siku. Kariri angalau jozi ya toleo lako, kwa sababu maelekezo mengi utakayoyasoma yametumia jina la upande wa Debian.

## Je, Devuan hujenga upya vifurushi vyote vya Debian?

Hapana, na watu wachache tu wasingeiweza kazi hiyo. Devuan hujenga upya vile vichache vinavyoishikilia systemd kwa nguvu. Vingine vyote huchukuliwa Debian kama vilivyo. Programu inayoitwa amprolla huunganisha orodha mbili za vifurushi kuwa moja: kifurushi cha Devuan kikiwepo kinashinda, kisipokuwepo unapewa cha Debian, na systemd yenyewe imezuiwa mlangoni. Ndiyo maana anwani ya ghala ina neno `merged`:

```
deb http://deb.devuan.org/merged daedalus main
deb http://deb.devuan.org/merged daedalus-security main
deb http://deb.devuan.org/merged daedalus-updates main
```

Kwa hiyo usiongeze mstari wa ghala la Debian chini ya hiyo. Vifurushi vya Debian unavyo tayari. Ukiuongeza, unachofanya ni kumpitisha dirishani yule aliyezuiwa mlangoni, na siku ya kusasisha apt itakuletea mapendekezo ya ajabu. Nusu ya matatizo ninayoombwa kuyatazama huanzia kwenye mstari huo mmoja, na mwenye mashine kwa kawaida hakumbuki aliuweka lini.

## Kama systemd haipo, kwa nini kichezeshi cha muziki kinaidai?

Kwa sababu jina systemd limebeba kazi nyingi, na mbili au tatu kati ya hizo hazihusiani kabisa na kuwasha mfumo. Ukizitenganisha kichwani, ujumbe mwingi wa apt unaanza kueleweka.

Ya kwanza ni usajili wa walioingia: nani ameketi mbele ya kompyuta, ana haki ya kugusa spika, kamera na kalamu ya USB, na anaruhusiwa kuzima mashine bila kuwa root. Kwa systemd kazi hii ni ya logind. Devuan hutumia elogind, yaani logind ileile iliyochomolewa ikasimama peke yake. Ilianzia kwenye mradi wa Guix, uliokuwa na shida hiyohiyo.

Ya pili ni udev, inayotambua vifaa vinapochomekwa. Hiyo ilikuwa mradi wake kabla ya kumezwa na systemd mwaka 2012. Watu wa Gentoo wakatoa tawi lake, eudev, na walipochoka nalo likaokotwa na wachangiaji wa Alpine, Devuan na Gentoo kwa pamoja.

Ya tatu ni maktaba libsystemd, inayotumiwa na programu kutoa taarifa kama "nimeshawaka" au kuandika kwenye kumbukumbu za mfumo.

Basi kichezeshi chako cha muziki hakiidai systemd. Kinadai kitu kinachodai kitu kinachodai logind. Swali la kujiuliza ni moja: katika hizo tatu ni ipi inayotakiwa, na kwangu inatolewa na nani?

## Nimekuta libsystemd0 kwenye Devuan yangu. Nimedanganywa?

Swali hili huja kwa hasira zaidi kuliko yote. Hujadanganywa. libsystemd0 ni maktaba, si systemd. Programu inapoiita, maktaba hutazama kama saraka `/run/systemd/system` ipo. Isipokuwepo, inajua mfumo haukuwashwa na systemd na inarudi bila kufanya lolote. Inapotakiwa kutuma taarifa ya kuwaka, hutazama kigezo cha mazingira `NOTIFY_SOCKET`. Kikiwa hakipo, hunyamaza. Ni kama swichi ya taa kwenye nyumba isiyo na umeme.

Ukitaka uhakika wa nani anaendesha mfumo wako, muulize mchakato namba 1:

```
ps -p 1 -o comm=
```

Jibu likiwa `init` au `runit` (programu nyingine ya kuwasha mfumo), lala usingizi.

Hata hivyo, wanaosema maktaba isiyofanya kazi si lazima iwe salama wana hoja, na hoja yao ilipata mfano mkubwa tarehe 29 Machi 2024. Andres Freund, mmoja wa watengenezaji wa PostgreSQL, aliona kuingia kwa ssh kumechelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana data, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. OpenSSH haitumii xz hata kidogo. Ila Debian, Fedora na wengine walikuwa wameiongezea sshd kiraka cha kuitaarifu systemd kupitia libsystemd, na libsystemd ikawa inaibeba liblzma ya xz. Ujumbe wa neno moja, "nimewaka", ukamwingiza mgeni hadi sebuleni. Matoleo ya kudumu ya Debian hayakuguswa. Mgeni alikuwa ameshafika matawi ya majaribio, testing na sid. Tangu 9.8 OpenSSH hutuma taarifa hiyo kwa msimbo wake yenyewe, bila kuhitaji libsystemd.

Kwa hiyo si ujinga kutaka maktaba chache. Ila usiing'oe libsystemd0 kwa nguvu ukitumia `dpkg --force`: programu zilizounganishwa nayo zitakataa kuwaka kabisa, hata zile ambazo hazijawahi kuihitaji kikweli.

## apt inataka kufuta nusu ya mashine yangu. Nibonyeze Y?

Hapana. Bonyeza n, vuta pumzi.

Niliwahi kusasisha seva iliyokuwa ndani ya chumba kilichofungwa, funguo zikiwa mfukoni mwa mtu aliyesafiri. Orodha ilikuwa ndefu, usiku umekwenda, nikajibu Y bila kusoma sehemu iliyoandikwa REMOVED. Ndani yake kulikuwa na kifurushi kilichosimamia mtandao. Muunganisho ulikatika palepale, na seva ikakaa kimya siku mbili mpaka mwenye funguo aliporudi. Tangu siku hiyo nasoma orodha ya vinavyoondolewa kabla ya ile ya vinavyoingia, hata kwenye kompyuta iliyo mapajani mwangu.

Anza kwa kuigiza. Amri hii haibadilishi chochote, inaonyesha tu kitakachotokea:

```
apt-get -s dist-upgrade
```

Kisha uliza sababu. `aptitude why libpam-systemd` itakupa mnyororo mzima, kutoka programu uliyoiweka kwa mkono wako hadi kifurushi kinacholeta kero. Ukitaka kuanza upande wa pili, `apt-cache rdepends --installed jina` huonyesha nani kati ya vilivyopo anakitegemea kifurushi hicho.

Soma mnyororo huo kwa kutofautisha maneno. `Depends` ni sharti. `Recommends` ni pendekezo, ingawa apt hulitekeleza kama sharti usipoikataza. `Suggests` ni ushauri tu. Mara nyingi sana utakuta kiungo kinachokuletea balaa ni `Recommends`, na dawa yake ni fupi:

```
apt install --no-install-recommends jina
```

Kiungo kikiwa `Depends`, tazama kama kina mstari wima. Maandishi `default-logind | logind` maana yake yeyote kati ya hao anatosha, lakini apt hujaribu kwanza aliyetajwa kwanza. Hapo usingoje ikuchagulie. Mtaje unayemtaka ndani ya amri ileile:

```
apt install lightdm libpam-elogind
```

Apt ikiona chaguo la pili limeshaombwa, haina sababu ya kulitafuta la kwanza. Mbinu hii peke yake imeniokoa mara nyingi kuliko mipangilio yote ya kubana vipaumbele.

Vivyo hivyo kwa dbus, njia ambayo programu hutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe. Kifurushi dbus-user-session kimejengwa kwa kuitegemea systemd ya mtumiaji. Programu nyingi zinakubali `dbus-session-bus`, jina la kubuni ambalo hata dbus-x11 hulitoa. Weka dbus-x11 kwanza, na maombi mengi ya ajabu yatatoweka.

## Programu zimeingia vizuri, lakini kitufe cha kuzima kimefifia na kalamu ya USB inakataliwa

Huo ni utegemezi ambao apt haiwezi kukuonyesha: vifurushi vyote vipo, ila usajili wa walioingia haufanyi kazi. Andika `loginctl` kwenye terminali ndani ya mazingira yako ya picha. Usipoona kikao chako kwenye orodha, kuna mambo mawili ya kukagua. Je, libpam-elogind ipo? Bila hiyo, elogind inaweza kuwa imewaka lakini hakuna anayeitaarifu kwamba umeingia. Na je, kuna mabaki ya consolekit, msajili wa zamani wa walioingia, yanayogombania kazi ileile? Chagua mmoja. Kwa Xfce, ambayo ndiyo mazingira ya kawaida ya Devuan, elogind ndilo jibu. Anayetumia Sway (msimamizi mwepesi wa madirisha) na jamaa zake anaweza kutosheka na seatd, ambayo ni ndogo zaidi na hufanya kazi hiyo moja ya kugawa vifaa.

## Naandika systemctl, naambiwa amri haipo

Tumia `service jina start`, `stop`, `status`. Kuamua nini kiwake mfumo unapowaka, tumia `update-rc.d jina enable` au `update-rc.d jina disable`. Badala ya journalctl, soma `/var/log/syslog` kwa `less` kama zamani.

## Nimeweka huduma kutoka ghala, lakini haina skripti ya kuiwasha

Litazidi kutokea. Waandaaji wengi wa vifurushi vya Debian wameacha kubeba skripti za sysvinit na kubakisha faili za systemd peke yake. Kabla hujaandika yako, weka kifurushi orphan-sysvinit-scripts, ambacho hukusanya skripti zilizotupwa na wengine na kuziweka zitumike tena. Kinatoka Debian yenyewe, kwa hiyo hata wale wa sysvinit huko wanakitumia.

Usipoipata humo, kuandika si kazi ya kuogofya tena. sysvinit ya Debian ina kiunzi kinachokufanyia karibu yote:

```
#!/usr/bin/env /lib/init/init-d-script
### BEGIN INIT INFO
# Provides:          mfano
# Required-Start:    $remote_fs $syslog $network
# Required-Stop:     $remote_fs $syslog
# Default-Start:     2 3 4 5
# Default-Stop:      0 1 6
# Short-Description: Huduma ya mfano
### END INIT INFO
DAEMON=/usr/sbin/mfano
```

Iweke ndani ya `/etc/init.d`, ipe ruhusa ya kutekelezwa, kisha `update-rc.d mfano defaults`. Mistari inayoonekana kama maelezo tu ndiyo yenye uzito. `Required-Start` ni utegemezi wa aina nyingine, wa nani amtangulie nani kuwaka, na insserv huusoma ili kupanga foleni. Ukiukosea, huduma itawaka kabla ya mtandao, itakufa, na wewe utailaumu apt bure.

Anayetumia OpenRC, programu nyingine ya kuwasha mfumo, anaweza kutumia skripti hizohizo. Wa runit anaandika faili yake fupi ya `run`. Kisakinishi cha Devuan hukuuliza unataka yupi kati ya hao watatu. Kama huna sababu maalumu, chukua sysvinit, kwa kuwa ndiyo inayopata skripti nyingi zaidi tayari.

## Nina faili ya .deb ya kampuni inayodai systemd. Nifanyeje?

Ifungue kwanza uone inasemaje: `dpkg -I faili.deb`. Mara nyingi anayeandaa vifurushi vya kibiashara hutaja systemd kwa mazoea tu, au kwa sababu skripti yake ya mwisho inaita systemctl mara moja.

Njia ninayoipenda ni kurekebisha faili yenyewe. `dpkg-deb -R faili.deb saraka` huipasua; hariri `saraka/DEBIAN/control`, ondoa neno systemd kwenye `Depends`, kagua `postinst`, kisha `dpkg-deb -b saraka mpya.deb`. Unaona kwa macho yako umebadilisha nini. Toleo jipya likitoka utarudia, ndiyo, lakini utarudia ukijua.

Njia ya pili ni equivs, inayotengeneza kifurushi kitupu chenye jina unalotaka. Unaandika kwamba kinatoa systemd, apt inaamini, kazi inaendelea. Ni uongo, na kama uongo wowote unahitaji kumbukumbu nzuri: miezi sita baadaye kifurushi kingine kinachohitaji systemd kwelikweli kitapita kwa tiketi hiyohiyo, kisha hakitawaka. Ukiitumia equivs, kipe kifurushi chako jina ambalo utalitambua.

`dpkg --force-depends` usiiguse. Huacha hifadhidata ya apt ikiwa na deni, na kila amri itakayofuata itakudai deni hilo kwa `--fix-broken install`, ambayo suluhisho lake huwa ni kukiondoa kile ulichokilazimisha.

## Nawezaje kuhakikisha systemd haijipenyezi?

Kwenye Devuan yenye ghala lake tu, imeshazuiwa. Kwenye Debian yenye sysvinit, au ukiwa umeongeza ghala la mtu wa tatu, andika faili hii ndani ya `/etc/apt/preferences.d/`:

```
Package: systemd systemd-sysv
Pin: release *
Pin-Priority: -1
```

Kipaumbele cha chini ya sifuri maana yake kisiwekwe kamwe. Usiandike `*systemd*`. Nyota hizo zitazizuia pia libsystemd0 na systemd-standalone-sysusers, kijiprogramu kisichohitaji systemd kabisa, na utakuwa umejifungia nje ya nyumba yako.

## Snap na Flatpak?

Flatpak inafanya kazi. Snap inaitegemea systemd kupachika vifurushi vyake, achana nayo.

## Nahamaje kutoka Debian bila kuharibu?

Hama kwenda toleo la jozi yake, bookworm kwenda Daedalus kwa mfano, na ufanye kazi hii kwenye terminali tupu, si ndani ya mazingira ya picha yatakayozimika katikati. Badilisha sources.list, pata ufunguo wa ghala kwa kuweka devuan-keyring, sasisha orodha, fanya `apt-get upgrade`. Kisha:

```
apt-get install eudev sysvinit-core
apt-get -f install
reboot
```

Baada ya kuwaka upya ndipo ufanye `apt-get dist-upgrade`, na mwisho kabisa `apt-get purge systemd libnss-systemd`. Mpangilio huu una sababu: huwezi kuing'oa systemd ikiwa ndiyo mchakato namba 1 unaoendesha mfumo muda huo. Kabla ya kuwasha upya, kagua `/etc/network/interfaces`. Majina ya kadi za mtandao yanaweza kubadilika, iliyokuwa `enp3s0` ikarudi kuwa `eth0`, na hapo seva ya mbali inapotea hewani.

## Bando langu ni dogo. Nipunguzeje kinachopakuliwa?

Zima mapendekezo moja kwa moja kwa `APT::Install-Recommends "false";` ndani ya `/etc/apt/apt.conf.d/`. Kama nyumbani au ofisini kuna mashine zaidi ya moja, weka apt-cacher-ng kwenye mojawapo: kifurushi kinapakuliwa mara moja, wengine wanakichukua hapo. Na kama una mtandao kazini tu, `apt-get --print-uris install jina` hutoa anwani za faili zote zinazohitajika; beba kwenye kalamu ya USB.

## Wengine wasio na systemd wanaishije?

Kila mmoja ana falsafa yake. Alpine, yenye OpenRC na apk, huandika unachokitaka kwenye faili moja, `/etc/apk/world`, na kila kingine ni matokeo ya orodha hiyo. Ni usafi ninaouonea wivu. Void ina runit na xbps. Gentoo hukuachia uamuzi wakati wa kujenga: ukiandika `USE="-systemd elogind"`, programu nyingi hujengwa bila kuijua libsystemd kabisa, ila utalipa kwa muda wa kujenga. Artix ni Arch kwa OpenRC, runit, s6 au dinit. Na Slackware hadi leo haifuatilii utegemezi wowote, ukikosa maktaba utaambiwa na programu yenyewe ikianguka. Wazee wake huona hilo ni jambo jema.

## Natoka Daedalus kwenda Excalibur. Kuna mtego?

Upo mmoja, nao hauhusiani na systemd. Excalibur inataka `/bin`, `/sbin` na `/lib` ziwe zimeunganishwa ndani ya `/usr`, na Daedalus haikukulazimisha kufanya hivyo. Weka kifurushi usrmerge ukiwa bado Daedalus, thibitisha kwa `ls -ld /bin` kwamba sasa ni kiungo tu, ndipo ubadilishe sources.list.